Upare Husomwa kwa Kupanda

Msafiri atokaye Tanga au Dar es Salaam akielekea Moshi, aghalabu huijua Same kwa dirisha la basi tu: huona mji uliojilaza tambarare katika vumbi jekundu, wauza ndizi na karanga wakiinua sinia zao hadi usawa wa nyuso za abiria, watu wawili watatu wakishuka na mizigo yao, kisha kondakta hupiga bati la ubavu na safari ikaendelea, na muda wote huo, upande wake wa kulia, milima ya Upare imesimama kimya kama nyumba ya mtu asiyepigiwa hodi. Mimi mwenyewe, mzaliwa wa pwani ya Tanga, nilipita hapo si chini ya mara kumi kabla sijaazimu kuteremka, na kila mara nilijidanganya kwamba nimekwisha kuiona Upare. Laiti ningalijua kwamba nilichokiona kilikuwa ukurasa wa mwisho wa kitabu, tena ukurasa ulioandikwa na wageni.

Kwani tarikhi ya nchi hii imepangwa kwa kimo. Yaliyo chini ni mapya, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo anavyorudi nyuma. Reli ipitayo Same ilianza kutandikwa na Wadachi kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo 1905, ikapita miguuni mwa milima hii kwa Hedaru, Makanya, Same na Lembeni, ikamaliza mwendo wake wa kilomita 352 huko Moshi mwaka 1911. Mashamba ya mkonge ya Makanya na Kisangara yakaifuata kama vifaranga wafuatavyo mama yao. Na ilipofika Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yakateremka kwa njia iyo hiyo yakiwafukuza waliojenga. Kisha Waingereza wakaliweka boma la Upare hapo Same. Hayo yote hayajatimiza karne moja na nusu, na kabla yake huku tambarare hakukuwa na jambo la kumweka mtu: mvua haba, homa nyingi, na Wamasai wakipita kutafuta ng'ombe. Watu walikaa juu. Juu kulikuwa na vijito visivyokauka, migomba, misitu, na ngazi za mawe ambazo adui mwenye mkuki mrefu hakupenda kuzipanda.

Hata jina lenyewe ni la chini. Wenyewe hujiita Waasu, na lugha yao Chasu; ama hili la Upare, wazee husimulia kwamba lilitokana na ukelele wa Wachaga katika mapigano, yaani «mpige, mpige», likawaganda wapigwao. Sikuweza kuamua kama hadithi hiyo ni ya kweli au ni ya kuchekesha, lakini niliona kwamba mwenye kunisimulia hakuionea haya hata kidogo. Alicheka, akaongeza kwamba waliopigwa ndio waliokuwa wakiwauzia Wachaga chuma cha mikuki yao.

Sisi watu wa pwani tulikuwa na njia yetu ya kuijua nchi hii, nayo ilikuwa ya pembeni. Misafara ya karne ya kumi na tisa iliyotoka Pangani ikitafuta pembe za ndovu ilipita Mazinde, ikazunguka milima kwa upande wa mashariki, ikapumzika Gonja na Kisiwani, ikashika njia ya Taveta na Uchagani. Wapagazi walinunua chakula kilichoteremshwa na wenyeji, wakajaza vibuyu vyao maji ya mlima, wakaenda zao; pia, na halifai kusitirika kwa kuwa waliofanya walikuwa jamaa zetu, waliondoka na watu. Huko Mbaga, juu milimani, nilionyeshwa mapango ya Mghimbi, ambamo wenyeji walijificha wakati wa hofu ya kukamatwa. Kijana aliyenitangulia aliwasha taa ya simu yake, akanitaka niiname, kisha akaniuliza kwa adabu nimetoka wapi. Nilipojibu kwamba nimetoka Tanga, alinyamaza kidogo, akasema, «Basi karibu, kaka, safari hii umeingia kwa ruhusa.» Nilicheka pamoja naye, walakini kicheko changu kilikuwa kifupi kuliko chake.

Lakini nimetangulia mbele ya safari yangu. Mgeni anayetaka kupanda kutoka Same na ajue kwanza kanuni moja ambayo hakuna aliyeniambia: gari za mlimani hulala mlimani. Alfajiri hushuka zimejaa watu wa sokoni, wagonjwa, wanafunzi na magunia ya tangawizi; mchana husubiri wenyewe wamalize shughuli zao mjini; na baada ya adhuhuri ndipo hupanda. Atakayefika kituoni saa mbili asubuhi akidhani amewahi, atashinda hapo akinywa chai mpaka ajue majina ya watoto wa mama ntilie wote. Nilikereka sana siku ile ya kwanza, hata nikawaza kuandika malalamiko. Baadaye nilipofahamu nikaona haya, kwa kuwa ratiba ile imewekwa kwa ajili ya watu wenye mlima wao, wala mgeni hakufikiriwa, na hakuna sababu afikiriwe.

Njia ni mbili. Ya Mwembe hupanda moja kwa moja kuelekea Mbaga, na ndiyo fupi kwa macho; ya Kisiwani huzunguka upande wa mashariki, ikawa na mbuga ya Mkomazi mkono wa kushoto, ambayo ilifanywa pori la akiba mwaka 1951 kabla ya kuwa hifadhi ya taifa, na milima mkono wa kulia, kisha hupanda ghafla. Sisi tulipita Mwembe. Katika kona mojawapo gari letu lilikataa. Dereva akazima, akashuka, akalitazama gurudumu kama mtu atazamaye mdaiwa wake, na abiria bila kuambiwa wakashuka, akina mama wakaweka watoto mgongoni, wanaume wakaweka mabega nyuma ya gari. Mimi nilisimama kando na viatu vyangu vya mjini. Bibi mmoja akaniambia, «Baba, hapa nauli hulipwa mara mbili, ya mfukoni na ya bega.» Nikaweka bega.

Kufika Mbaga baridi ilikuwa imekwisha kuingia, nami sikuwa na sweta, jambo ambalo mgeni wa pwani hulifanya mara moja tu katika maisha yake. Nilipewa makande ya moto, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja hata maharage yakawa uji, na katika sahani ile nilielewa kwa nini chakula hiki kimeshikamana na jina la Mpare katika Tanzania nzima: ni chakula cha mtu atakayepanda kilima kesho. Kwa juu zaidi ya Mbaga, mvua na ukungu wa mashariki huutunza msitu wa Chome na kilele cha Shengena, kilichopita mita 2,400, na humo huishi ndege mdogo wa kijani mwenye duara nyeupe kuzunguka jicho, ambaye duniani hana makao ila milima ya Upare Kusini. Nilimsikia. Kumwona sikujaliwa.

Wamisionari walipanda mapema kuliko serikali. Walutheri wa Leipzig walianza Shighatini, upande wa kaskazini, mwaka 1900, na Waadventista wakaweka kituo chao cha kwanza katika nchi hii huko Giti, Mamba, mwaka 1903. Mgeni asiwapite haraka hawa. Jakob Dannholz, aliyekaa Mbaga, aliandika kwa Kijerumani kitabu kilichotoka mwaka 1916 juu ya itikadi za Waasu na mizimu yao; Ernst Kotz wa Waadventista alijishughulisha na Chasu chenyewe, na Agano Jipya la lugha hiyo likapigwa chapa mwaka 1922. Walikuja kuyafuta mambo ya kale, na kwa kuyaandika ili wayafute, wakayahifadhi. Leo mtu akitaka kujua babu zake waliapaje, huenda akamuuliza Mdachi aliyekwisha kufa. Ni hapo Mbaga pia palipo mwamba wa Malameni, ambapo husimuliwa kwamba watoto waliodhaniwa kuwa mkosi, kama vile waliotanguliza kuota meno ya juu, walitolewa kafara. Viongozi wa wageni hupenda kuanza na mwamba huo kwa sababu husisimua. Mimi ningeuacha uwe wa mwisho, au nisiuone kabisa, kwa kuwa atakayeanza nao hataona tena chochote kingine, na nchi iliyojua kufua chuma na kugawa maji haistahili kujulikana kwa mwamba mmoja.

Kwa habari ya chuma inampasa mtu ashuke tena Same, apande gari la kwenda Mwanga, kisha apande upya kuelekea Usangi na Ugweno, njia ya mizunguko ambayo kila kona yake huonyesha bonde jingine lenye nyumba za mabati katikati ya migomba, na kwa mbali bwawa la Nyumba ya Mungu likimetameta, na upande wa pili ziwa la Jipe. Huko ndiko kulikokuwa na dola. Ukoo wa Washana, ambao ni wahunzi, ndio waliotawala kwanza, na sababu yake si ngumu kuiona: mwenye jembe ndiye mwenye shamba, na mwenye mkuki ndiye mwenye usalama, na vyote viwili vilitoka katika tanuru lao. Mchanga mweusi wenye chuma ulikusanywa katika vijito baada ya mvua, ukaoshwa kwa subira kama mtu aoshaye mchele, ukamwagwa pamoja na makaa ya miti migumu katika tanuru la udongo, na viriba vya ngozi vikapuliza bila kukoma hata tonge la chuma likapatikana. Kijana mmoja wa Usangi alinionyesha pembeni mwa shamba la babu yake mavi ya chuma, vipande vyeusi vyenye matundu kama sifongo, vizito kuliko vinavyoonekana. Mama yake alikuwa amevipanga kuzunguka bustani ya mchicha, kuku wasiingie.

Kisha Wasuya wakawapindua Washana. Angovi ndiye anayetajwa kuwa kiongozi wa mapinduzi hayo, na mwanawe Mranga ndiye aliyeipa nchi mpango: akaiweka mshitu, ndiyo ibada ya jando iliyofanyika msituni, chini ya mamlaka moja, hata kijana wa ukoo wowote asiweze kuwa mtu mzima ila kwa idhini ya utawala. Huu ulikuwa ustadi mkubwa wa siasa. Mtawala mwenye kushika malango ya utu uzima hahitaji askari wengi. Ama Washana, hawakuangamizwa wala kufukuzwa. Waliachiwa nyundo na viriba vyao, wakaendelea kuogopwa na kuheshimiwa kama wahunzi waogopwavyo mahali pengi, ila enzi ikawa imewatoka. Mambo haya yalikaa zaidi katika vinywa vya wazee mpaka Isaria Kimambo, mwana wa Upare na profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipotembea mlima kwa mlima akiwasikiliza wazee wa koo, akalinganisha nasaba zao, akatoa mwaka 1969 tarikhi ya siasa ya Wapare tangu karne ya kumi na sita. Nawasihi wageni wasomaji wakisome kitabu hicho kabla ya kupanda, kisha wakiache hotelini, maana wazee wa sasa hawapendi kusahihishwa.

Misitu midogo inayoonekana juu ya vilima vya Usangi na Ugweno, miti mirefu mitano kumi iliyobaki peke yake katikati ya mashamba, si mabaki ya uvivu wa mkata kuni. Mingi ni mpungi, misitu ya koo yalimohifadhiwa mafuvu ya wahenga, na mingine ni mshitu wenyewe. Usiingie bila kuongozwa, usikate fimbo, na kamera ibaki mkobani mpaka uulize. Nilimwona mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa tena mtu wa misimamo, akipita kando ya msitu wa ukoo wake. Alivua kofia, hakusema neno, akaivaa tena hatua kumi mbele.

Lakini kama ningeulizwa ni kitu gani kimoja mgeni mwenye siku moja tu akitazame, nisingesema tanuru wala msitu wala kilele. Ningesema aende akaone ndiva. Milima hii upande wa magharibi hukosa mvua, na vijito vyake ni vyembamba. Ukikiacha kijito kitiririke moja kwa moja katika mfereji kuelekea shamba la mbali, ardhi itayanywa maji yote njiani. Kwa hiyo wazee wa kale, bila mhandisi, walichimba mabirika ya udongo na mawe ubavuni mwa mlima, wakayajaza kwa mfereji usiku kucha, na asubuhi wakayafungua kwa mkupuo mmoja, maji yakaenda kwa nguvu hata yakafika. Katika bonde la Vudee, Bangalala na Makanya ndiva bado zinatumika, baadhi zikiwa zimepakwa saruji, na kubwa ya Manoo hapo Bangalala ni mojawapo.

Nilifika kwenye ndiva kabla ya jua. Mzee mlinzi alikuwa ameketi juu ya ukingo, amejifunika koti kuukuu, jembe begani, na chini yake maji yalikuwa meusi na tulivu, yamejaa hata majani ya ukingoni yalikuwa yakielea. Nikamwamkia, «Shikamoo, mzee.» Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama nimepangiwa zamu, kwani mtu anayekuja alfajiri huwa amekuja kuchukua maji au kuyaiba. Nilipomweleza kwamba nimekuja kutazama, alishangaa sana kwamba kuna mtu aliyepanda gari kuja kutazama maji, akanipa nafasi ya kuketi. Mwenye zamu akaja, mwanamke mwenye jembe na mtoto wa shule. Mzee akashuka ndani ya mfereji, akaondoa udongo kwa vidole, akashika kizibo cha gogo, akakitikisa kulia na kushoto kama mtu ang'oaye jino, na kikatoka. Maji yalitoka na sauti ya kukohoa, ya kwanza machafu, yakabeba majani na mavi ya mbuzi, halafu yakasafika; na mtoto akatangulia mbio kando ya mfereji akishindana na ncha yake, akipiga kelele kumjulisha mama yake kila kona maji yanapofika, na kuziba kwa udongo tundu la panya lililokuwa likivujisha. Mzee alitazama jua, si saa. «Likifika mti ule, ni ya mwingine,» akasema.

Ugomvi hauishi, asije mtu akadhani ninasimulia peponi. Wa juu huwanyima wa kati, wa kati huwanyima wa chini, na Wapare wenyewe hutaniwa nchi nzima kwamba Mpare atauza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Nadhani waliobuni utani huo hawakupata kuona ndiva. Watu wanaogawana maji kwa kivuli cha mti, tena kwa vizazi, hawana budi kuwa mahodari wa kudai haki iliyo ndogo kama kuku. Kazi ya kuzibua matope hufanywa kwa msaragambo, wote pamoja siku moja, na asiyekuja hutozwa; na jina la asiyekuja, nilivyosikia, hukumbukwa muda mrefu zaidi ya faini yake.

Ujuzi huo wa kudai ndio ulioshuka Same katika mwaka 1945. Serikali ya Waingereza pamoja na wafumwa tisa, ndio wakuu wa nchi walioitwa watawala wa wenyeji, walikuwa wameweka kodi mpya iliyopimwa kwa mali ya kila mtu, wakaiita mbiru, jina la ushuru wa heshima ambao zamani watu waliwapelekea wakuu wao. Jina zuri lilifanya jambo kuwa baya zaidi. Watu waliuliza ni nani atakayehesabu mbuzi wa jirani, na kwa jicho la nani. Kodi moja iliyo sawa walikuwa tayari kuilipa, kukadiriwa hawakukubali. Mwanzoni mwa mwaka huo maelfu ya watu wa kaskazini na kusini waliteremka kwa miguu, wakakaa karibu na boma la Same, wakapokezana kwa miezi, bila kuvunja mlango wa mtu, wakidai wasikilizwe. Miongoni mwa viongozi wao alikuwamo Paulo Mashambo, Mwadventista. Mwaka uliofuata wanawake wakashika njia nao. Na husimuliwa kwamba walimtaka mkuu wa wilaya amalize shauri hilo na kuwarudishia waume zao, ama sivyo awe yeye mume wao wote. Sijui barua gani ya serikali ingeweza kujibu hoja hiyo. Mbiru ikaondolewa.

Nilirudi Same siku ya mwisho kwa gari la alfajiri, nikaketi kituoni kungoja basi la Tanga, sasa nikiwa nimegeukia mlima badala ya barabara. Kando yangu aliketi bibi mmoja juu ya gunia tupu lililokunjwa. Alikuwa ameshusha tangawizi, akanunua chumvi na sabuni, akawa anangoja gari lipande. Tukaongea. Alikuwa mzaliwa wa Usangi aliyeolewa Mbaga, kwa hiyo, akasema, ameishi juu ya milima miwili na chini hakupata kulala hata usiku mmoja. Nikamuuliza kama aliwahi kusikia habari za mbiru.

«Mama yangu alitembea na wenziwe mpaka hapa,» akajibu, akionyesha kwa kidevu upande wa boma. «Na mimi nilikuwamo tumboni. Kwa hiyo Same nilifika kabla sijazaliwa.»

Dereva akapiga honi. Bibi akasimama, akanipa mfuko wa chumvi nimshikie huku akifunga kanga yake vizuri, akaupokea, na alipokwisha kupanda akachungulia dirishani kuniuliza kama sweta ninalo sasa.